Mwanga wa jioni wa vuli huku Pemba: tupige nini, na mbona unakwisha upesi?

MWALIMU WA WETE ANAULIZA

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa skuli hapa Wete, na ninapiga picha za mandhari kwa kamera ya lenzi za kubadilisha niliyoachiwa na kaka yangu. Skuli imenitaka niandae picha za kalenda ya mwakani, zote za Pemba, nami nimeamua nyingi kati yake nizipige katika msimu huu wa vuli, baina ya Oktoba na Disemba. Ndipo mvua za mwanzo zinaporudisha ukijani, ndipo karafuu zinapokuwa majamvini ikiwa mwaka umejaaliwa, na ndipo jua la alasiri likishateremka linapomwaga ile rangi ya samli ambayo kila aliyekulia shamba anaijua.

Ninachokisoma kuhusu kupiga picha katika mwanga huo, hata hivyo, kimeandikwa na watu wa nchi za baridi. Wao wanapiga majani ya miti yao yakiwa mekundu na manjano kabla ya kupukutika, na wanaandika kana kwamba mtu ana saa nzima ya kutembea, kuchagua na kubadilisha lenzi. Hapa kwetu saa hiyo siioni. Nikishuka bondeni saa 11 na nusu jioni mwanga ungali mweupe na mkali. Nikishughulika kidogo na stendi ya kamera, bonde zima limeshaingia kivulini. Nikifungua picha nyumbani, ile rangi niliyoiona kwa macho haimo, na vilima vya mikarafuu vimekuwa weusi mtupu chini ya mbingu iliyoungua kwa weupe.

Vile vile nataka kujua kama tunacho huku kitu cha kulingana na yale majani yao. Miti yetu haipukutishi kwa pamoja, na sipendi kalenda ijae machweo ya baharini, kwani hayo kila mgeni anayepita Nungwi au Kendwa anayo kwenye simu yake. Ningeomba pia nitajiwe mahali panapofikika kwa gari ya abiria au bodaboda kutoka Wete, ili nirudi nyumbani usiku haujawa mkubwa.

FUNDI WA MALINDI

Waalaykumu salaam Mwalimu. Mimi ni mpiga picha wa mjini Unguja. Harusi ndizo zinazonilisha na mandhari ndiyo ninayoipenda.

Muda unaouona mfupi ni mfupi kweli. Mwanga unaousema huanza pale jua linapobakisha nyuzi kama 6 juu ya upeo wa macho. Wete iko nyuzi 5 tu kusini ya Ikweta, na kwa sisi tulio huku jua hushuka karibu wima, kwa kasi isiyopungua sana nyuzi 15 kwa saa, kwa hivyo nyuzi hizo 6 humalizika kwa dakika 25 hivi. Mwanzoni mwa Novemba jua linazama Wete karibu na saa 12 na dakika 13 jioni. Basi kazi yako yote imo baina ya saa 12 kasorobo, au dakika chache baada yake, na wakati huo. Hao unaowasoma, wakiwa London kwa mfano, jua lao linateremka kwa mshazari, na nyuzi zile zile huwachukua robo tatu ya saa. Ukifika katikati ya Februari utaliona jua likizama karibu na saa 12 na dakika 43, lakini usidhani umeongezewa kitu. Saa ya ukutani ndiyo iliyosogea, muda wenyewe ni ule ule.

Bondeni hali ni ngumu zaidi, na hapo ndipo penye siri ya vilima vyako vyeusi. Nyoosha mkono mbele ya uso wako kwa urefu wake wote na ukunje ngumi: upana wa ngumi hiyo ni takriban nyuzi 10. Kama kilima kilicho magharibi yako kinafika juu ya ngumi moja kutoka usawa wa macho, jua litakwenda nyuma yake dakika 40 kabla ya kuzama, yaani kabla hata ule mwanga wenyewe haujaanza. Unabakia kivulini ukiipiga mbingu yenye mwanga, na hakuna kamera itakayokupa vyote viwili kwa wakati mmoja.

Kwa hivyo usishuke, panda. Tafuta mteremko unaotazamana na mwengine, simama juu ya ule wa magharibi, jua likuangukie mgongoni au begani, na utazame ule wa pili, kwani huo uliogeukia magharibi ndio utakaomulikwa hadi mwisho. Mimi binafsi naona mwanga wa begani ni bora kuliko wa mgongoni. Ukilipa jua mgongo kabisa kila kitu kinang'aa lakini kinakuwa bapa, na kivuli chako mwenyewe kinaingia kwenye picha, maana jua likiwa kwenye nyuzi 6 kila kivuli kinarefuka mara tisa na nusu ya kilichokisimamisha. Mnazi wa mita 20 hulaza kivuli cha mita 190. Mtu aliyepanga vizuri huvitumia vivuli hivyo kuonyesha mikunjo ya ardhi ambayo mchana haionekani kabisa. Matuta ya viazi vitamu yaliyolimwa kwenye mteremko, ambayo saa 8 mchana ni udongo tu, wakati huo kila tuta linakuwa na upande wa mwanga na upande wa kiza.

Kuhusu rangi kupotea, angalia mpangilio wa uwiano wa weupe. Ukiuacha kwenye otomatiki, kamera huuona wekundu wa jioni kuwa ni kosa na hujaribu kuurekebisha, ndiyo maana picha zinapoa. Uweke kwenye alama ya jua, ambayo ni kiasi cha kelvini 5200 hadi 5500 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga, na kikishuka mwanga huwa mwekundu zaidi), na usiuguse tena. Mwanga wa adhuhuri uko kwenye kipimo hicho hicho, lakini jua likikaribia upeo hushuka hadi kelvini 3000 hivi au chini yake, kwa sababu linapita katika hewa nyingi zaidi: likigusa upeo, njia yake ndani ya hewa ni kama mara 38 ya ile ya jua la utosini, na buluu yote imeshatawanywa njiani. Tofauti baina ya vipimo hivyo viwili ndiyo rangi unayoitafuta, nayo kamera ikishaambiwa isubiri mwanga wa mchana haitaifuta. Hifadhi picha kwa faili ghafi (RAW), si JPEG peke yake, ili nyumbani uwe na nafasi ya kurekebisha.

Kipimo cha mwanga ukichukue kwenye mteremko uliomulikwa na si kwenye mbingu, na mbingu yenyewe uiachie sehemu ndogo tu ya juu ya picha. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iwe 100, tundu la lenzi f/8 au f/11, na stendi isiwe ya mapambo, kwa sababu katika dakika za mwisho kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inafunguka kupokea mwanga, itateremka hadi sehemu ya nane ya sekunde na zaidi. Bahati yako ni kwamba katika tanga mbili hii, upepo wa kusi umeshalegea na wa kaskazi haujashika, majani hayatikisiki sana. Na lenzi nyingine iache kwenye mkoba. Chagua moja kabla hujatoka nyumbani. Dakika 25 hazitoshi kwa mashauriano.

MWANA WA KONDE

Fundi ameshasema ya kamera, mimi nitasema ya miti na ya njia, kwa kuwa nimezaliwa huku kaskazini na huku ndiko ninakolima.

Mwalimu, ukingojea majani ya Pemba yazeeke kwa pamoja hutapiga kitu. Rangi zetu nyingi ziko kwenye jani changa. Nenda kwenye shamba la mikarafuu baada ya mvua za mwanzo za vuli na usitazame mti kwa jumla yake, tazama ncha za matawi: majani mapya hutoka na rangi ya waridi iliyoingia wekundu, laini, yameinama, huku yale ya chini yakiwa ya kijani kizito na yanang'aa. Mdalasini ni zaidi ya hapo, jani lake changa ni jekundu bila ya ubishi. Miembe nayo hutoa vichipukizi vya rangi ya shaba. Jua la saa 12 kasoro likipita nyuma ya majani hayo, kwa vile ni membamba, yanawaka yenyewe.

Ukitaka hasa jani la kuzeeka, basi mti wako ni mkungu, ule unaozaa kungu. Huo ndio unaofanya kama miti ya nchi za baridi: majani yake mapana hugeuka manjano, rangi ya chungwa na mekundu kabla ya kuanguka, na uzuri wake ni kuwa kwenye mti mmoja utayakuta ya kila hali kwa wakati mmoja, la kijani liko jirani na jekundu lenye mishipa iliyobakia manjano. Lakini mikungu haina miadi. Wa uwanja huu umepukutika wote, wa uwanja ule haujaanza. Inabidi uwe unapita na kuweka akilini, na kwa bahati mikungu hupandwa majumbani, viwanjani na pwani, kwa hivyo huhitaji kuingia porini kuitafuta. Mbuyu na msufi nayo hupukutisha katika kiangazi, lakini majani yao hayana rangi ya kujivunia. Faida yake ni matawi matupu dhidi ya mbingu, na hiyo ni picha ya aina nyengine.

Kuhusu mahali, barabara ya zamani ya kutoka Wete kwenda Chake Chake inakufaa kuliko ile mpya, kwani inapanda na kushuka katika vilima vya mikarafuu vya upande wa magharibi, na kwenye vilele vyake unaweza kusimama kama Fundi alivyokuelekeza. Upande wa mashariki wa kisiwa ardhi ni tambarare na ya mawe, haina ile mikunjo. Hapo hapo Wete, miteremko iliyo juu ya bandari inatazama magharibi kwenye visiwa kama Fundo, na tangu Oktoba hadi Disemba jua kila wiki linasogea kusini zaidi, upande uliko Mtambwe. Mtu aliyepiga picha hapo mwezi wa Juni akirudi Disemba atalikuta jua mahali pengine kabisa pa upeo.

Ukija kwetu, pita Konde, upite ndani ya msitu wa Ngezi, ufike Ras Kigomasha. Watu wengi wanakwenda Vumawimbi wakati wa jioni wakitegemea machweo, wakasahau kuwa ufukwe huo umegeukia mashariki. Jua linazama nyuma ya miti na mchanga unaingia kivulini mapema. Bahari ya mbele, hata hivyo, inaendelea kumulikwa, na mawingu yaliyo juu yake hupata rangi ambayo wenye kutazama magharibi hawaioni. Anayetaka jua lenyewe aende upande wa Verani. Lakini kwa sharti lako la kurudi mapema, Kigomasha si ya jioni ya siku ya kazi; gari za huko hazikungojei.

MZANZIBARI WA UGHAIBUNI

Naomba niongeze kidogo kutoka upande wa pili, kwa sababu ninaishi Uingereza na majani mekundu mnayoyasema yako nje ya dirisha langu.

Jani la huku linapobadilika, halipakwi rangi mpya peke yake. Siku zikifupika na baridi ikiingia, mti huacha kutengeneza klorofili, ile rangi ya kijani, na iliyopo huvunjika. Hapo manjano na rangi ya chungwa za karotenoidi, ambazo zilikuwamo ndani ya jani muda wote, zinaonekana. Wekundu ni jambo jengine. Huo hutokana na anthosianini, na miti mingi huitengeneza wakati huo huo wa mwisho. Nimefurahi kumsoma Mwana wa Konde, kwa kuwa anthosianini hiyo hiyo ndiyo inayoyapa majani mengi machanga ya nchi za joto wekundu wao. Kwa hivyo Mwalimu asione kuwa anapiga badala ya kitu. Ni rangi ile ile, ila kwetu jani huzaliwa nayo.

Jambo la pili ni kuwa miongozo ya huku inazungumzia jua la aina nyengine. Tarehe 1 Novemba, jua la London likifika juu kabisa adhuhuri halivuki nyuzi 24 hivi. La Wete siku hiyo linafika nyuzi 80. Maana yake huku mwanga ni wa pembeni siku nzima, na mpiga picha anaweza kuanza kazi saa 8 mchana akiwa na vivuli virefu. Ushauri wa kutoka mapema na kutembea polepole msituni una mantiki kwa jua hilo. Kwenu haufai, na mtu akiufuata atapoteza betri na mate yake kwa mwanga mkali usiokuwa na kazi.

Kimoja cha huku kinachofaa kuchukuliwa ni kichujio cha polaraizi. Watu hudhani ni cha kuzidisha buluu ya mbingu tu, ilhali kazi yake kubwa kwenye picha za majani ni kuondoa mng'aro unaokaa juu ya jani na kuifunika rangi yake. Jani la mkarafuu, na zaidi likiwa limenyeshewa, linang'aa kiasi cha kuonekana jeupe. Zungusha kichujio taratibu huku ukitazama, utaona ule weupe unaondoka na kijani kinatokea. Kinafanya kazi vizuri zaidi ukiwa umelipa jua ubavu. Tahadhari tu usikitumie pamoja na lenzi pana ukiijumuisha mbingu, kwani utapata utepe wa kiza katikati ya mbingu na pembeni kweupe. Tena kinakula mwanga, kwa hivyo dakika za mwisho kitoe.

BINTI WA SHAMBA, MTAMBILE

Mimi si mpiga picha, lakini nyumba yetu iko kando ya barabara na kila msimu wa karafuu tunapigwa picha bila ya kuulizwa, kwa hivyo na mimi nina la kusema.

Mwalimu anataka karafuu majamvini katika jua la mwisho. Hilo wakati halimo. Karafuu zikianikwa asubuhi hukusanywa kabla ya jua kuzama, kwa sababu umande ukizikuta, au mvua ya ghafla ya vuli, zinaharibika rangi na kushuka daraja, na anayekwenda kuziuza Shirika la Biashara la Taifa hatalipwa kwa uzuri wa picha. Saa 11 na nusu utakuta watu wameshashika ncha za majamvi wanazikunja. Naomba sana usimwambie mtu aziache nje mpaka saa 12 ili wewe upate rangi yako. Wapo waliowahi kuombwa hivyo.

Kinachowezekana ni kufika saa 10 na nusu, kupiga hodi, kueleza ni picha ya nini na itatoka wapi, kisha ukae ungojee. Jua la wakati huo bado si lile mnalolitaka, lakini likiangukia karafuu zilizokauka siku mbili tatu, zile za katikati ya wekundu na kahawia, linapendeza kuliko mnavyofikiri, na kule kukunja majamvi kwenyewe ni picha. Baada ya hapo, karafuu mbichi zilizochumwa siku ile huletwa nyumbani, na familia inakaa barazani kuchambua, karafuu huku na makonyo kule. Kazi hiyo inafanyika katika ule mwanga wenu hasa wa saa 12 kasoro. Karafuu mbichi si za kahawia, ni za kijani kilichoingia waridi, na vidole vya mwenye kuchambua vimeshafanya weusi wa utomvu. Wanawake ukiwataka waingie kwenye picha uwaulize wao wenyewe, si waume zao wala watoto, na akikataa mtu piga mikono tu au usipige. Na tafadhalini msikanyage majamvi mkirudi kinyumenyume kutafuta pembe.

MWALIMU WA WETE

Nimefaidika kuliko nilivyotarajia, na nawashukuru nyote, na zaidi Binti wa Shamba, kwani mimi mwenyewe ningeomba majamvi yabakie. Nimeshaamua: mteremko kwenye barabara ya zamani kwa ajili ya vilima, barazani kwa ajili ya karafuu, na mikungu ya uwanja wa skuli ambayo nilikuwa naiona kila siku bila ya kuitazama.

Yamebakia mawili ya kumuuliza Fundi. Kwanza, vuli ni msimu wa mawingu. Nitajuaje kuwa jioni fulani ina faida ya kutoka? Pili, skuli wamesisitiza angalau picha moja iwe ya pwani, na ningependa iwe ya maji yaliyotoka, vidimbwi na mikoko, katika mwanga huu huu. Nikienda kila nikitoka kazini nayakuta maji yamejaa.

FUNDI WA MALINDI

Mawingu usiyaogope, ila yatazame yalipo. Yaliyo juu yako na mashariki yako hayana madhara, hayo ndiyo yatakayopokea rangi. Mwenye kuamua ni upeo wa magharibi. Saa 11 tazama juu ya bahari upande jua linakoelekea: kama chini ya wingu pana mwanya wazi hata wa upana wa vidole viwili kwa mkono ulionyooshwa, toka, kwa sababu jua litapita kwenye mwanya huo na litamulika chini ya wingu na mteremko wako kwa pamoja. Kama wingu limekaa mpaka kwenye maji, kaa nyumbani, labda uwe unataka mwanga laini wa kupiga majani machanga kwa karibu, na huo si mbaya kabisa. Jioni bora ni ile ya mvua iliyonyesha mchana na kukatika alasiri, kwa kuwa hewa imeoshwa vumbi na chumvi na vilima vya mbali vinaonekana vina makali.

Kuna jambo dogo linaloharibu jioni kama hizo. Kamera ikitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi na kuingia kwenye hewa yetu ya mvua, lenzi hupata ukungu papo hapo, na ukiifuta inarudi. Iache ndani ya mkoba uliofungwa kwa nusu saa ya njiani ipate joto polepole. Chumvi ya pwani nayo ifute kwa kitambaa cha maji matamu usiku ule ule.

Ama maji, unayakuta yamejaa kwa sababu huenda unatoka siku za bamvu, yaani za maji makubwa yanayojaa na kutoka sana. Kwenye visiwa vyetu, mwezi ukiwa umeandama au umekuwa mpevu, maji hujaa karibu na saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hutoka sana kwenye saa 4 au 5 asubuhi. Ndiyo maana watu wa Paje na Jambiani wanaolima mwani unawakuta kazini mchana jua likiwa kali. Kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi. Ukihesabu kutoka hapo, jioni ambayo maji yanakuwa yametoka wakati jua linazama huangukia karibu na tarehe 10 au 11 za mwezi mwandamo, na tena karibu na tarehe 25 au 26. Hizo zinafuatia maji mafu, yaani siku ambazo maji hujaa na kutoka kidogo, kwa hivyo hayatakwenda mbali kama ya bamvu, lakini kwenye ghuba za mikoko za magharibi ya Pemba, ambako pwani ina mteremko mdogo, yatakuachia matope, mizizi na vidimbwi vya kutosha kupokea rangi ya mbingu. Muulize mvuvi yeyote wa bandarini Wete atakupa saa kamili ya siku hiyo kuliko mimi, na kabla ya kuelekeza lenzi upande wa gati omba ruhusa, maana bandari ina wenyewe. Kwa picha hiyo tu ndiyo nakuruhusu utazame magharibi. Weka jua nje ya ukingo wa picha au nyuma ya mkoko mmoja, pima mwanga kwenye maji yanayong'aa, uiache mizizi iwe nyeusi, na uvae viatu vya kufunga kwa ajili ya chaza waliokaa kwenye mizizi, wanakata.